Shajara ya mradi: kupunguza dagaa kwenye chakula cha kambare, Chekereni, Moshi

Februari, kabla ya masika

Bwawa limesafishwa, maji ya mfereji yameingia, na vizimba vitatu vya nyavu vimefungwa ndani yake. Mimi na shemeji tumekubaliana kuandika kazi hii hatua kwa hatua, kwa sababu wafugaji wa huku Moshi chini, kuanzia Mabogini hadi Kahe, wana swali moja: je, kambare anaweza kukua bila dagaa? Wengi wameshajaribu. Mmoja anakwambia soya inatosha kabisa, mwingine anaapa kwamba soya ilimdumazia samaki wote. Nawaamini wote wawili. Ninachotaka kujua ni kitu gani kiliwatofautisha.

Bei ni sababu mojawapo. Dagaa wanaoingia kwenye chakula cha mifugo huku kwetu ni wa Ziwa Victoria, wanaoletwa kwa magunia kutoka Mwanza na Musoma. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, mzigo unapungua sokoni na bei inapanda. Halafu wale wanaoitwa dagaa wa kuku huanikwa chini, kwa hiyo wanakuja na mchanga, na mchanga huo unaulipia kwa kilo sawa na dagaa wenyewe. Dagaa safi, aliyekauka vizuri, ana protini ya karibu asilimia 60. Huyu wa mchangani tunamhesabia 55, na tunajua gunia lingine litakuwa chini ya hapo.

Lakini sababu inayonisukuma zaidi ni nyingine. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake. Ana kalsiamu, ana chuma, na ndiye kitoweo ambacho mama mwenye pesa kidogo anaweza kukinunua kwa kopo pale Mbuyuni sokoni akalisha watoto jioni hiyo. Nikimimina debe la dagaa kwenye mashine ili nipate kambare wa kuuzia hoteli za mjini, nashindana bei na mama huyo, na mara nyingi mimi ndiye ninayeshinda kwa kuwa nanunua gunia zima. Sioni kama ni haki, hasa pale ambapo kazi ya dagaa huyo inaweza kufanywa na zao la shambani.

Jambo hili haliko kwetu tu. Mwaka 2023 Peru, nchi inayoongoza duniani kwa kutengeneza unga wa samaki, ilifuta msimu wa kwanza wa kuvua anchoveta, samaki wadogo wanaosagwa kuwa unga huo, kwa sababu samaki waliokuwepo baharini walikuwa wengi wao wachanga. Mwaka 2024 sisi wenyewe tulifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Anayejenga ufugaji wake wote juu ya samaki wa porini anajenga juu ya kitu asichoweza kukiagiza.

Machi, wiki ya kwanza: hesabu ya chakula

Vifaranga wamefika, wa karibu gramu 10 kila mmoja. Tumewachambua kwa ukubwa na kuwagawa sawa kwenye vizimba vitatu. Maji ni yaleyale, jua ni lilelile, kinachobadilika ni chakula tu. Vyakula vyote vitatu tumevilenga kwenye protini ya asilimia 34 hadi 35, ili tofauti ikitokea isisemwe kwamba huyu alipewa protini nyingi kuliko mwenzake. Mashudu ya soya tumeyahesabia protini ya asilimia 42, mashudu ya alizeti 28 baada ya kuyachekecha, na pumba za mahindi 10.

Kwa kila kilo 100:

Chakula cha kwanza, cha mazoea: dagaa 40, mashudu ya soya 10, mashudu ya alizeti 20, pumba za mahindi 25, unga wa muhogo 4, vitamini na madini 1.

Chakula cha pili: dagaa 15, soya 45, alizeti 25, pumba 10, muhogo 4, vitamini na madini 1.

Chakula cha tatu, bila dagaa kabisa: soya 62, alizeti 28, pumba 4, muhogo 4, vitamini na DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) 2.

Sasa, ukitazama asilimia za protini peke yake utasema vyakula hivi ni kimoja. Sivyo. Mwili wa samaki unajengwa kwa asidi amino, na kuna ambazo hawezi kuzitengeneza mwenyewe, lazima azipate kwenye chakula. Mbili ndizo zinazotusumbua: laisini na methionini. Katika kila gramu 100 za protini, unga wa samaki una laisini karibu gramu 7.5 na methionini karibu 2.8. Soya ina laisini 6.2, nzuri tu, lakini methionini ni 1.4, yaani nusu ya dagaa. Alizeti imegeuka: laisini 3.6, methionini 2.2. Ndiyo maana tumezitia zote mbili. Ni kama makande: mahindi yana kile ambacho maharage yamepungukiwa, na maharage yana kile ambacho mahindi hayana, na mtoto aliyelelewa kwa makande anakua.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya methionini kwa kila kilo ya chakula. Cha kwanza kinatoka na karibu gramu 8.5, cha pili 6.7, cha tatu 5.4. Naandika hapa mapema, kabla samaki hawajaonja, ili baadaye nisije nikatafuta sababu inayonifurahisha. Kama hesabu ina maana yoyote, kizimba cha tatu kitabaki nyuma.

Watu wameshaniuliza kuhusu vyakula vingine. Mbaazi tunazo, na India ilipowekea mbaazi ukomo wa kuingizwa mwaka 2017 bei ilianguka, kwa hiyo wakulima wengi wangefurahi kuwa na mnunuzi mwingine. Ila protini yake ni asilimia 20 na kidogo tu. Kwa kambare haitoshi kubeba mzigo. Majani ya mti wa lukina yana mimosini, sumu inayodumaza. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu nyingine, ambayo pamoja na ubaya wake mwingine huishika laisini isitumike. Nimeyaacha yote.

Machi, katikati: soya mbichi

Huu ndio ukurasa ninaotaka usomwe kuliko zote.

Tumenunua gunia la mashudu ya soya mjini. Nikamuuliza muuzaji, "Mangi, hii soya ilipata moto wa kutosha, au ilikamuliwa tu?" Akanijibu kwa upole, "Dada, wateja wote wanachukua hiyohiyo." Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu soya isiyoiva ina vizuizi vya tripsini. Tripsini ni kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Kikizuiwa, samaki anakula, anashiba, na protini inapita na kutoka nyuma. Unaona bakuli la chakula limekwisha, unaona samaki hakui, na unalaumu mbegu ya vifaranga.

Kuna njia ya kupima isiyohitaji maabara. Chukua kijiko cha soya iliyosagwa laini, kijiko cha mbolea ya urea, na maji kidogo ya kulowanisha. Tia kwenye chupa, funga, acha kama dakika 20, kisha fungua unuse. Soya mbichi ina kimeng'enya kingine kinachoitwa urease, ambacho huvunja urea na kutoa amonia, ile harufu kali ya zizi lililofungwa usiku kucha. Moto unaoua urease ni karibu uleule unaoua vizuizi vya tripsini. Kwa hiyo ukisikia amonia, soya yako haijaiva.

Gunia letu lilinuka mpaka shemeji akarudi nyuma.

Tumelipika kwa mvuke: pipa, maji chini, wavu juu yake, magunia ya katani ya kufunika. Baada ya kukauka tukapima tena, harufu ikawa imekwisha. Anayenunua punje nzima za soya anaweza kuziloweka, kuzichemsha nusu saa, kuanika na kusaga; au azikaange akikoroga bila kuchoka. Lakini kipimo cha urea kina upande mmoja tu. Soya iliyoungua nayo hainuki. Ikishakuwa kahawia iliyokolea, laisini yake imeshikana na sukari na samaki hawezi kuichukua, ukawa umetibu ugonjwa huu kwa kuleta mwingine. Rangi ya dhahabu hafifu ndiyo ya kusimamia.

Nadhani hapa pana sehemu kubwa ya jibu la wale wafugaji wawili, aliyesifu soya na aliyeilaani. Nimekwenda kwa yule wa pili, mzee wa Mabogini, nikampa shikamoo na kumwomba kiganja cha soya iliyobaki ghalani kwake. Tuliipima mbele yake. Aliponusa alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilifunga lile bwawa." Niliumia kusikia hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba soya ina kuiva na kutoiva.

Aprili, masika

Mvua haikatiki. Kutengeneza chakula kwenyewe ni rahisi: unachekecha mashudu ya alizeti ili kutoa maganda, kwa maana yetu hukamuliwa pamoja na ganda na nyuzi zake hujaza tumbo la samaki bure; unachanganya vikavu, unapika uji mzito wa muhogo wa kugandisha, unakanda, unapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, zinatoka kamba ndefu, unazikata kuwa tembe zikikauka. Kukausha ndiko kazi. Tumetandika turubai ndani ya banda na kupanua kamba zisigusane, tunazigeuza asubuhi na jioni.

Tunatengeneza kidogo kidogo, chakula cha siku chache tu, wala hatuweki akiba. Chakula cha mimea chenye unyevu kinaota ukungu, na baadhi ya ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu ya mahindi. Haya si mambo ya vitabuni. Samaki naye inamharibu ini. Tembe yoyote yenye doa la kijani inakwenda kuzikwa, wala haipewi kuku.

Kuhusu kula: kizimba cha kwanza wanavamia chakula kabla hakijazama. Cha pili wanachelewa kidogo, kisha wanakula. Cha tatu wanakizunguka. Kambare huonja kwa sharubu zake kabla ya kufungua kinywa, na chakula kisicho na harufu ya samaki hakimwambii chochote. Chakula chetu kinazama, kwa hiyo kisipoliwa mapema kinalowa na kuoza chini. Tumehamishia mlo mkubwa jioni, jua likishazama, maana kambare ni mwindaji wa usiku, na hali imeboreka katika vizimba vyote.

Mei, mwishoni

Tumepima kwa mara ya kwanza ya maana. Tunachota samaki kwa wavu, tunawapima kwa pamoja kwenye ndoo yenye maji iliyokwisha kupimwa, tunagawa kwa idadi yao.

Kizimba cha kwanza na cha pili hawajaachana kiasi cha kubishania. Cha tatu wako nyuma, na jicho linaona bila mizani. Hawana ugonjwa, ngozi yao ni safi, wana nguvu ukiwashika. Ni wadogo tu.

Jambo moja linaloweza kumdanganya yeyote atakayerudia jaribio hili: kambare wanakulana. Mmoja akitangulia wenzake kwa ukubwa anaanza kuwameza, na wewe unahesabu vifo ambavyo si vya chakula. Kizimba cha tatu ndicho kilichopoteza wengi, nasi tumekuta wawili wenye matumbo makubwa wakiwa wameota kuliko wenzao wote. Tumewatoa. Wastani wa uzito wa kizimba hicho nimeuandika bila wao, maana wao walikula nyama.

Juni na Julai

Baridi. Kambare anapenda maji ya nyuzi 26 hadi 30, na maji yakishuka karibu na 20 anapoteza hamu kabisa. Sisi tuna nafuu: Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huku Chekereni ni karibu nusu ya hapo. Hata hivyo asubuhi bwawa linatoa moshi na samaki hawaji juu. Tumepunguza chakula, tunalisha mara moja alasiri maji yakishapata jua. Vizimba vyote vimepunguza mwendo. Sina zaidi la kuandika kwa miezi hii.

Agosti

Joto limerudi na tumepima tena. Hali ya Mei imejirudia kwa uwazi zaidi. Chakula chenye dagaa 15 kinakuza samaki karibu sawa na chenye 40. Zaidi ya nusu ya dagaa wote tuliokuwa tunawatia wangeweza kubaki sokoni wakaliwa na watu, na samaki wetu wasingejua. Nimeirudia sentensi hii kwa kila mfugaji niliyekutana naye wiki hii.

Kizimba cha tatu bado kiko nyuma. Shemeji anasema, "Tuache, dagaa kidogo lazima awepo." Labda. Lakini kule Mississippi, Marekani, wanafuga aina nyingine ya kambare, Ictalurus punctatus, na chakula chake siku hizi ni soya, mahindi na mashudu ya pamba, unga wa samaki ukiwa kidogo sana au haupo kabisa. Samaki yule anakubali mimea kuliko huyu wetu, Clarias gariepinus, ambaye kwa asili hula nyama zaidi. Ila wao hawakufika hapo kwa kuondoa samaki tu wakaishia hapo. Walijaza mapengo. Sisi cha tatu tulikiachia mapengo kwa makusudi, ili tuyaone.

Kwa hiyo tumekigawa kizimba cha tatu mara mbili. Nusu wanaendelea na chakula kilekile. Nusu nyingine wanaongezewa methionini ya dukani, ileile inayouzwa kwa wafugaji wa kuku, gramu 3 kwa kila kilo, ili ifikie kiwango cha chakula cha kwanza. Tembe zao tunazinyunyizia pia maji yaliyochemshiwa matumbo na vichwa vya samaki, ambavyo mama mmoja mkaanga samaki wa Pasua alikuwa anavitupa.

Fosforasi nayo inahitaji neno. Sehemu kubwa ya fosforasi ya soya, kama theluthi mbili, imefungwa ndani ya fitati, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Kwake ni upungufu, kwa bwawa ni mbolea: inatoka na kinyesi na kurutubisha mwani. DCP inaziba upungufu wa samaki lakini haiondoi ile inayokwenda majini. Kimeng'enya cha fitase kingefungua hiyo iliyofungwa, ila joto linakiua, kwa hiyo kitanyunyiziwa juu ya tembe zilizokwisha kauka. Sijakipata bado kwa kipimo kidogo kinachotufaa.

Oktoba

Tumevua kizimba cha kwanza na cha pili, na tumeuza. Mama lishe wa stendi waliochukua kutoka vizimba vyote viwili hawakuona tofauti ya nyama wala ladha, na wao ni wakali kuliko mizani.

Nusu ya kizimba cha tatu waliopewa methionini wamepunguza pengo sana. Hawajalimaliza. Walianza kudumaa wakiwa wadogo, na umri ule ndio samaki hujenga mwili kwa haraka, kwa hiyo sikutarajia wawafikie wenzao kwa miezi miwili. Pia methionini ya dukani huyeyuka majini tembe ikichelewa kuliwa, na ile inayofika tumboni humezwa na damu mapema kuliko asidi amino zinazotoka kwenye protini yenyewe, zisikutane kwa wakati. Nusu wasiopewa wamebaki walivyokuwa.

Msimamo wangu kwa sasa: kifaranga asinyimwe dagaa. Akishakua wa kushikika mkononi, kilo 15 katika 100 zinatosha, mradi soya imepimwa kwa urea na alizeti imechekechwa. Kushusha chini ya hapo kunawezekana kwa anayeongeza methionini na harufu ya samaki. Asiye na hizo mbili asishushe.

Soya ndiyo itakayoamua gharama. Inatoka mbali, Ruvuma na Njombe zaidi, na nauli yake hadi Moshi inakula sehemu ya faida tuliyoipata kwa kupunguza dagaa. Tumezungumza na wafugaji wengine watano wa hapa tuagize lori moja kwa pamoja, kisha pipa la mvuke likae kwetu na kila mmoja apikie kwa zamu.

Chakula cha awamu ijayo tumeshakipiga hesabu. Dagaa 8, soya 52, alizeti 27, pumba 7, muhogo 4, vitamini na DCP 2. Protini asilimia 34 na nusu. Methionini ya asili gramu 6.1 kwa kilo, tutaongeza 2.4 ili ifike 8.5. Maji ya vichwa vya samaki yatatiwa tangu siku ya kwanza. Samaki wataanza chakula hiki wakiwa wa gramu 50, na kabla ya hapo watakula cha dagaa 40. Vifaranga wameagizwa, wanaingia mvua za vuli zikishatulia.